Kompyuta ya kuhariria filamu ya kwanza: usinunue stika

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tuko Bagamoyo, tunaandaa filamu fupi ya dakika 20 kuhusu mafundi wa majahazi wanaofanya kazi pale ufukweni. Sehemu kubwa tunapiga kwa simu, na kwa siku chache tutaazima kamera inayorekodi 4K (video kali yenye nukta nyingi sana). Nina shilingi 1,800,000 za kununulia kompyuta. Muuza duka ananishauri nichukue mpakato iliyotumika yenye Core i7 na RAM ya gigabaiti 8, kwa maelezo kwamba i7 haina mpinzani. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usilipe kwanza. Neno "i7", lile linaloandikwa kwenye stika ya kompyuta yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, peke yake halisemi kitu. Linalosema ni nambari inayolifuata. Core i7-7500U, ya kizazi cha 7, ina viini 2 tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), ilhali Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017 katika kizazi kilichofuata, ina viini 4, na kwa kazi ya kuhariri video hiyo i5 inaiacha mbali hiyo i7. Nayajua haya kwa sababu niliwahi kulipia stika mimi mwenyewe, nikakaa na mashine ya viini 2 karibu mwaka mzima nikidhani kasoro iko kwenye programu. Isitoshe, Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Lakini hata kizazi cha prosesa hakitoshi kukupa jibu, kwa kuwa swali la kwanza linahusu kamera: inaandika video kwa namna gani? Simu na kamera nyingi za siku hizi hutumia kodeki (njia ya kubana video) ya H.264 au H.265, ambazo haziweki kila fremu, yaani kila picha moja ya video, nzima nzima. Chukua jahazi linalopita polepole mbele ya macho yako: kodeki huweka fremu moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata huandika zaidi yale yaliyobadilika, yaani tanga lililosogea na povu la maji, huku anga na mchanga uliotulia vikiachwa kama vilivyokuwa. Ndiyo maana faili huwa dogo. Gharama yake unailipa mezani wakati wa kuhariri, kwani kila unaporudisha kishale nyuma kidogo, kompyuta inalazimika kuitafuta ile fremu kamili na kuzijenga upya zote zilizoifuata.

Prosesa nyingi zina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo, ila hazifungui aina zote. Za Intel kuanzia kizazi cha 7 hufungua H.265 ya biti 10 katika mpangilio wa rangi wa 4:2:0. Ile ya 4:2:2, inayopatikana kwenye kamera nyingi za kisasa, hufunguliwa na za Intel za kizazi cha 11, na kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 huifungua pia. Kadi za michoro za Nvidia zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 haziifungui, kwa hiyo usishangae kuona kompyuta ya bei mbaya ya michezo ikikwama mbele ya kipande cha sekunde 10. Mwulize mwenye kamera inarekodi aina gani, na kama inaruhusu kuchagua, chagua 4:2:0.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 8 haitoshi kwa 4K. Anza na 16, na uhakikishe kwamba inaweza kuongezwa, maana kwenye baadhi ya mpakato RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Kadi ya michoro ya pekee ni muhimu kwa anayerekebisha rangi sana ndani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve. Kwa kukata na kuunga mazungumzo ya mafundi, inaweza kusubiri. Diski ndiyo isiyosubiri. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, hivyo mkipiga saa 8 mna gigabaiti 360, na hapo hamjaweka nakala ya pili. Diski ya ndani iwe SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya gigabaiti 512. Ya nje inaweza kuwa ya kawaida ya kuzunguka, almuradi ikae mahali pakavu, mbali na hewa ya chumvi.

Kwa bajeti yako, ningetafuta mpakato ya kiofisi iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha 11, kisha fedha itakayobaki iende kwenye diski ya nje. Kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi kwa fedha ileile, ila itabidi ununue na UPS (betri ya kuishikilia kompyuta umeme unapokatika), vinginevyo umeme ukikatika usiku unapoteza kazi ambayo hukuihifadhi. Ukikosa kizazi cha 11, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za 720p: iache mashine izitengeneze usiku, hariri kwa kutumia hizo, na wakati wa kutoa filamu programu itarudi kwenye video halisi.

Siku ya kununua, nenda na flashi yenye kipande kimoja cha simu na kingine cha kamera. Vinakili kwenye diski ya kompyuta, chomeka chaja, fungua Task Manager upande wa Performance, kisha cheza kila kipande ndani ya programu utakayotumia. Mchoro wa Video Decode, chini ya GPU, ukipanda huku CPU ikitulia, sehemu maalumu inafanya kazi yake. Ukibaki chini huku CPU ikigonga asilimia 100, kipande hicho kitakusumbua. Palepale, chini ya Memory, utaona nafasi ngapi za RAM zimejazwa. Iache icheze dakika 15 na usikilize feni. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.