Wanafunzi wa PhD tuwafuate hadi Kasulu

Mhadhiri mwenzangu mmoja, amerudi nchini juzijuzi na fedha za mradi, kaniandikia: “Kaka, wewe wanafunzi wa PhD unawapata wapi? Mimi nikitangaza, wanaokuja wanataka vyeti, utafiti hawautaki.” Ujumbe ulinikuta Ujiji kwa wazazi, wiki ileile ambayo mwanafunzi wetu wa kwanza kutoka mkoa huu wa Kigoma ametetea andiko lake la utafiti na kupita. Nimefurahi mno, na namjibu hapa ili na ninyi wengine mnaojenga vikundi vya utafiti wa kompyuta msome.

Dada huyu ni mwalimu wa sekondari Kasulu. Shahada yake ya uzamili ni ya sayansi ya kompyuta, alama zake za kawaida, na wadhamini wake hakuna anayewajua chuoni. Wapo waliotaka jina lake liondolewe mapema. Nikasema afanye kwanza jaribio kama wenzake.

Sisi tunafundisha kompyuta kutambua usemi wa Kiha, lugha ya Waha wa huku Kigoma. Rekodi za Kiha ni haba, lakini kinafanana sana na Kirundi na Kinyarwanda, na Kinyarwanda peke yake kina zaidi ya saa 2,000 za sauti kwenye Common Voice, mkusanyo wa wazi wa sauti zinazochangwa na watu wa kawaida. Kwa hiyo tunaanza na modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, iliyofunzwa kwa Kinyarwanda, kisha tunaiongezea Kiha kidogo tulichonacho. Kila mwombaji nampa folda ya rekodi na matokeo ya modeli, aniandikie ukurasa mmoja tu wa anachokiona. Ndani ya folda hiyo nimetega kitu, na wengi hawakioni. Wanasifia matokeo na kuahidi kuyaboresha.

Yeye aliandika hivi: “Dokta, huyu mama wa faili la tatu ndiye huyohuyo wa faili la majaribio, ingawa mmempa namba nyingine. Sikiliza anavyovuta maneno, ni mtu wa Heru Juu. Modeli imeshamsikia wakati wa mafunzo, kwa hiyo hiki kiwango kidogo cha makosa si cha kweli.” Amemtambua kwa sikio! Kisha akawatenganisha wasemaji upya, akapima tena, na makosa yakapanda kama alivyosema. Nilisoma ukurasa ule nikasimama. Mtu anayetilia shaka matokeo mazuri ndiye mtafiti. Mengine yote atafundishwa.

Kabla yake nilimpokea kijana mwenye GPA ya 4.8 na barua za maprofesa wenye majina. Nilimpa mada niliyoilea mwenyewe kwa muda mrefu, nikakaa naye usiku tukisahihisha makala yake ya kwanza. Akapata nafasi Ulaya, akaondoka bila hata kuaga. Habari zake nilizikuta LinkedIn kama mtu baki. Kwenda Ulaya si kosa, mimi mwenyewe nilikwenda. Lakini kutoaga kuliniuma, na bado kunaniuma.

Ndugu zangu, tuache kuajiri karatasi. Tangazo likibandikwa kwenye tovuti ya chuo linasomwa na walewale waliopo koridoni. Mwalimu wa Kibondo au fundi wa mitandao wa hospitali ya wilaya halimfikii, na hao ndio wanaoishi na tatizo unalotaka kulitafiti. Nenda ukazungumze nao. Lami Kasulu imefika, hakuna kisingizio. Wape jaribio la kazi yenyewe, si mtihani, na uwajibu wote, hata uliowakataa, maana mwenye moyo atarudi mwakani akiwa bora. Nasisitiza jaribio, kwa sababu alama zinakuambia mtu alivyojibu maswali ya wengine, na PhD ni kuuliza ya kwako.

Halafu fedha. Mwambie kwa maandishi ada inalipwa na nani, posho ya kujikimu ni kiasi gani na inaishia mwaka upi. Mtu mwenye watoto haachi darasa lake kwa “tutaangalia.”

Kwa mtumishi wa umma lipo jambo la ruhusa ya masomo. Ombi linapitia kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na linaweza kukaa mezani hadi dirisha la udahili lifungwe. Barua ya kuliunga mkono iandike wewe msimamizi, kwa nembo ya chuo, na uitume siku ileile unayomwambia amepita jaribio.