Mwanajeshi Wako Ana Hamu au Shauku ya Nyumbani?

Hadithi yangu ya kwanza kuhusu mwanajeshi nilimpa asome mtu aliyewahi kuvaa magwanda. Aliirudisha akiwa amepigia mstari sentensi moja: "Alijaa shauku ya kurudi nyumbani." Mhusika wangu alikuwa amebakiza miezi 11 kambini. Pembeni kulikuwa na maneno manne: shauku huja ukishafunga begi.

Yaliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nikizitumia hamu na shauku kama kitu kimoja. Zote mbili tumezipata kutoka Kiarabu, lakini asili ya hamu ni neno la wasiwasi na huzuni, na mimi nausikia uzito huo mpaka leo. Hamu mtu hulala nayo akaamka nayo, mwezi baada ya mwezi, huku akisafisha bunduki na kuitikia majina. Shauku haivumilii hivyo. Inachemka, inataka jambo lililo karibu. Usiku wa kuamkia likizo, askari anapohesabu nauli mara ya tatu na viatu vimeshapigwa rangi, hapo iandike shauku bila woga.

Kuwa mwangalifu zaidi na neno ukiwa. Upweke hupungua mwenzake akija kuketi ukingoni mwa kitanda na kumwomba kiberiti. Ukiwa ni wa aliyefiwa au aliyeachwa. Askari aliyeletewa habari ya msiba wa mama yake akiwa lindoni atazungukwa na kikosi kizima na bado awe mkiwa. Kijana aliyechoshwa na zamu tu, usimtwishe neno hilo.

Nyumbani na kwao navyo ni viwili: nyumbani anaweza kuwa na mke na watoto, kwao wakawa wazazi na ukoo. Amua anakumbuka wapi.

Halafu kuna vionyeshi, ambavyo waandishi wengi huvipita mbio. "Kule nyumbani" ni mbali, hata sura za watu zimeanza kufifia. "Pale nyumbani" anaona kizingiti chenyewe. "Mle nyumbani" ameshaingia, anasikia mtoto akikohoa chumba cha pili. Katika hadithi yangu nilianza na kule, na kadiri siku za likizo zilivyokaribia nikahamia pale. Mle nimeiweka ukurasa wa mwisho, kabla hajagonga mlango.