Jina Langu Liko CRB: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja. Mtu alikopa, akashindwa kulipa, jina lake likapelekwa kwenye kampuni za taarifa za mikopo, zile ambazo Wakenya wote wanaziita CRB. Sasa anataka kumalizana na wanaomdai. Aanzie wapi? Majibu haya yanafuata sheria na taratibu za Kenya. Aliye nchi nyingine aulize kanuni za kwao kabla ya kuyafuata.

Nina madeni matano ya programu za simu: shilingi 1,800, 3,400, 5,200, 9,000 na 14,500. Kila mwezi naweza kutenga 6,000. Niwagawie wote sawasawa ili kila mmoja aone nina nia? (Msomaji, Nakuru)

Usigawe. Nia haiandikwi kwenye ripoti. Kinachoandikwa ni akaunti iliyofungwa na akaunti iliyo wazi. Ukimpa kila mmoja 1,200, mwezi wa kwanza utaisha bila deni hata moja kufungwa, na mwezi wa pili utakuwa umefunga lile dogo tu. Ukianza na madogo, mwezi wa kwanza unafunga la 1,800 na la 3,400, unabakiwa na 800. Mwezi wa pili unaongeza 800 hizo kwenye 6,000 na kufunga la 5,200. La 9,000 linaisha mwezi wa nne na la mwisho mwezi wa sita. Hesabu hii inasimama ikiwa madeni hayaongezeki. Kama kuna moja linalozidi kupanda kwa riba au faini, hilo ndilo la kwanza, hata kama ni kubwa.

Lakini kabla ya kulipa hata shilingi moja, pata ripoti yako. Iombe TransUnion, Metropol na Creditinfo, zote tatu, maana mara nyingine kampuni moja huwa imepokea taarifa mpya na nyingine bado inashikilia za zamani. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Utakachohitaji ni namba ya kitambulisho na namba ya simu. Kwa Metropol unaweza kuanza kwa kupiga *433#. Soma kila mstari: jina la mkopeshaji, tarehe ya kukopa, kiasi cha awali, salio, na siku ambazo malipo yamechelewa. Hapo ndipo wengi hugundua deni walilokwisha kulipa, au deni wasilolijua kabisa.

Kisha mwandikie kila mkopeshaji, kwa barua pepe au kwenye programu yenyewe, uulize mambo mawili: salio kamili la kufunga akaunti siku fulani unayoitaja, na kama atakuondolea faini ukilipa kwa mkupuo. Usione haya kuomba. Mkopeshaji ambaye deni lake limelala miaka miwili huwa tayari kuliko unavyodhani. Akikubali, jibu lake liseme wazi kwamba kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho, na kwamba atapeleka taarifa hiyo CRB. Ahadi ya kwenye simu haitakusaidia mbele ya safari.

Tarehe ina uzito wake. Mtu anaona kwenye meseji ya Jumatatu kwamba anadaiwa 5,200, analipa Alhamisi, kumbe riba ya siku tatu imeongeza shilingi 37. Akaunti inabaki wazi kwa sababu ya 37 hizo, na mwezi unaofuata bado anaonekana mdaiwa. Lipa siku ile ile uliyopewa hesabu yake, kwenye Paybill (namba ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa) ya mkopeshaji mwenyewe, kamwe si kwenye namba binafsi ya mtu anayejiita wakala. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala, na usiuache kwenye simu peke yake. Simu hupotea.

Nililipa deni langu lote la benki mwezi Februari. Sasa ni Juni na nikitafuta mkopo naambiwa jina bado liko CRB. Nilipe nani tena? (Baba wawili, Thika)

Usilipe mtu tena. Pata ripoti uone inasema nini hasa, kwa sababu hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza: pengine ripoti inaonyesha kuwa ulichelewa, na kuwa sasa umelipa, salio ni sifuri. Hilo si kosa. Rekodi ya kuchelewa inakaa miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Kulipa hakufuti historia, kunabadilisha hali yake kutoka anayedaiwa hadi aliyelipa, na mkopeshaji makini anajua tofauti iliyopo. Ndiyo maana tunawaambia wasomaji wasikawie kulipa wakisema miaka itapita yenyewe: miaka hiyo inahesabiwa kuanzia siku ya kumaliza deni.

La pili: pengine ripoti bado inaonyesha salio. Hilo ni kosa na lina dawa. Benki hupeleka taarifa CRB kila mwezi, kwa hiyo wiki chache za kusubiri ni za kawaida, ila miezi minne si ya kawaida. Anza na benki: omba barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha, yenye namba ya akaunti ya mkopo na tarehe. Ipeleke barua hiyo pamoja na ushahidi wa malipo kwenye kila CRB yenye kosa na uandikishe pingamizi. Kampuni hiyo inapaswa kuuliza benki na kukujibu. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, taarifa unayoipinga inapaswa kuondolewa. Andika tarehe uliyopeleka na udai muhuri au namba ya kumbukumbu, la sivyo hutaweza kuonyesha kwamba siku 21 zimepita. Wakikaa kimya, malalamiko yaende Benki Kuu ya Kenya.

Kama unaombwa cheti cha CRB, yaani uthibitisho kwamba huna deni baya, kwa ajili ya kazi, cha mara ya kwanza ni bure tangu mwaka 2020. Vinavyofuata hulipiwa. Kiombe baada ya ripoti kurekebishwa, si kabla.

Mwaka 2018 benki ilinikopesha 200,000. Nilipokwama nilikuwa nimebakiwa na 140,000 ya mkopo wenyewe. Leo wanadai 417,000. Kuna deni linalokua hivi? (Mama wa duka, Kitale)

Mama, kuna kikomo, na benki nyingi hazitakutajia usipouliza. Kipo kwenye Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika Mei 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa chechefu, yaani umepita siku 90 bila kulipwa ipasavyo, benki haiwezi kukudai zaidi ya vitu vitatu: msingi (mkopo wenyewe bila riba) uliobaki siku ile mkopo ulipokuwa chechefu, riba ya mkataba isiyozidi msingi huo, na gharama za kufuatilia deni.

Kwako msingi ni 140,000. Riba haiwezi kuvuka 140,000 nyingine. Jumla ni 280,000, na juu yake gharama za ufuatiliaji ambazo benki inapaswa kukuonyesha moja moja. Kati ya 280,000 na 417,000 kuna 137,000. Hawawezi kuziita gharama bila karatasi.

Fanya hivi. Omba taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza, si ya miezi sita. Tafuta malipo yako ya mwisho, hesabu siku 90 mbele, uone msingi ulikuwa shilingi ngapi siku hiyo. Halafu iandikie benki barua fupi inayotaja kifungu cha 44A na hesabu yako, ukiwataka waoneshe yao.

Angalia mitego miwili. Kama uliwahi kukwama, ukaanza kulipa tena mkopo ukarudi sawa, kisha ukakwama mara ya pili, hesabu inaanzia kule kukwama kwa mwisho. Na kama benki ilishakushtaki ikapata amri ya mahakama, riba inayotokana na amri hiyo baada ya kutolewa haizuiwi na kikomo hiki. Ukiwa kwenye hali hiyo, tafuta wakili kabla ya kuandika barua yoyote.

Wakala wa madeni ananipigia kuhusu mkopo wa 2016 ambao sijaugusa tangu mwaka huo. Anasema nitume hata 500 tu kuonyesha nia njema. Nitume? (Msomaji, Kisumu)

Usitume bado, wala usitie sahihi chochote. Sheria ya Kenya inampa mkopeshaji miaka 6 kushtaki kwa deni la mkataba wa kawaida (deni lililowekewa rehani ya ardhi lina muda mrefu zaidi). Lakini saa hiyo inaweza kuanza upya. Ukilipa sehemu ya deni, hata shilingi 500, au ukikiri kwa maandishi yenye sahihi yako kwamba unadaiwa, miaka 6 inahesabiwa tena kuanzia siku hiyo. Wakala mzoefu analijua hilo vizuri sana.

Hatusemi usilipe. Ukilipa, lipa kwa mapatano yaliyoandikwa, ya kumaliza deni lote, si vipande visivyo na mwisho. Kwanza mtake akuonyeshe kwa maandishi nani anamiliki deni leo, barua inayompa yeye mamlaka ya kulikusanya, na mchanganuo wa kiasi. Kumwomba nyaraka si kukiri deni, ila chagua maneno: andika "deni mnalodai", usiandike "deni langu". Kumbuka pia kwamba muda wa kushtaki na rekodi ya CRB ni mambo mawili tofauti. Mkopeshaji anaweza kuwa amechelewa kwenda mahakamani na bado jina lako likaendelea kukukwamisha mahali pengine. Kama unataka kukopa kujenga au kununua gari, mapatano ya kumaliza yanaweza kukufaa kuliko kukaa kimya.

Niliorodheshwa kwa deni la shilingi 640. Ni halali? (Mwanafunzi, Eldoret)

Kwa kanuni za 2020, deni lisilofikia shilingi 1,000 halipaswi kuorodheshwa kama deni baya. Peleka pingamizi kama tulivyoeleza kwa baba wa Thika. Deni lenyewe lilipe, lakini.

Nilimdhamini mwenzangu kwenye Sacco (chama cha akiba na mikopo), akaacha kazi akatoweka. Wamekata akiba yangu 86,000. Nimepoteza? (Mwalimu, Machakos)

La. Kwanza iulize Sacco kama ilichukua akiba ya mkopaji mwenyewe kabla ya kugusa ya wadhamini, na kama mgawo baina yenu wadhamini ulikuwa wa haki; omba hesabu hiyo kwa maandishi. Kila shilingi uliyomlipia mwenzako, sasa unamdai: mdai wake ni wewe. Mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, na asipolipa nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inapaswa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Beba fomu ya udhamini, taarifa ya akaunti inayoonyesha makato, na barua ya Sacco. Kazi ngumu itakuwa kujua anakoishi au anakofanya kazi sasa, kwa hiyo anza kuulizia mapema.

Programu iliyonikopesha inawapigia shemeji na bosi wangu ikiwaambia mimi ni tapeli. (Msomaji, Kilifi)

Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinakataza jambo hilo waziwazi: hakuna vitisho, hakuna matusi, hakuna kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Waombe shemeji na bosi wakutumie picha za meseji na rekodi za simu zenye tarehe. Angalia kwenye orodha ya Benki Kuu kama mkopeshaji huyo ana leseni. Lalamika kwa Benki Kuu, na pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye kisheria anapaswa kukamilisha malalamiko ndani ya siku 90. Deni linabaki palepale wakati malalamiko yanaendelea, kwa hiyo usiache kupanga malipo.

Kuna kijana mtandaoni anasema kwa 3,500 atafuta jina langu CRB ndani ya saa 24. Ana watu wa ndani. (Dada, Ruiru)

Dada, usimtumie pesa wala picha ya kitambulisho. Taarifa sahihi haifutwi na mtu yeyote kabla ya muda wake, na isiyo sahihi unaiondoa mwenyewe bila malipo kwa pingamizi. Kama kitambulisho umeshakituma, omba ripoti zako leo na uombe tena baada ya mwezi mmoja, uone kama kuna mkopo mpya uliochukuliwa kwa jina lako. Ukiuona, piga ripoti polisi, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uiambatishe kwenye pingamizi lako siku hiyo hiyo.