Kabla ya Kushika Brashi, Kaa Dirishani

Nilipokutana na picha za Alma Thomas kitabuni mara ya kwanza, nilitafuta mti. Sikuuona. Niliona vipande vifupi vya rangi vimepangwa safu safu, vyekundu, vya manjano, vya buluu, na weupe ukichungulia katikati. Nikafunga kitabu.

Kumbe mti ulikuwapo. Thomas, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Georgia mwaka 1891, alifundisha sanaa shuleni Washington kwa miaka 35. Baada ya kustaafu mwaka 1960, huku baridi yabisi ikija kumsumbua, alikuwa akiutazama mti uitwao holi nje ya dirisha lake, na jinsi mwanga ulivyopenya majani ukacheza ukutani na sakafuni. Michoro yake ya dhahania, yaani isiyoonyesha vitu kwa umbo lake halisi, iliyompa jina ilianzia hapo. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kufanyiwa onyesho la peke yake katika jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York.

Basi ukitaka kuchora mandhari bila kuchora mlima wala mto, acha rangi kwanza. Chagua kipande kimoja cha nchi unachokiona kila siku, ukitazame asubuhi, ukitazame tena jua likizama, na uandike rangi zake kwa maneno. Mimi ilinichukua wiki tatu kugundua kuwa kivuli cha mti wangu ni cha zambarau. Miaka yote nilikuwa nakipaka cheusi!

Halafu, ukianza kupaka, subiri rangi moja ikauke kabla ya kuweka nyingine. Turubai zangu za mwanzo, vile vitambaa vya kuchorea, nilizichanganyia rangi zote mbichi, nikaambulia tope.

Mchoraji Frank Bowling, aliyezaliwa Guyana mwaka 1934, ana njia nyingine. Miaka ya 1970 aliimwaga rangi juu ya turubai iliyoinamishwa, ikateremka yenyewe kama maji. Nimeijaribu, tandika magazeti mengi. Ila usione kijito cha utotoni mwake katika kila tone la rangi yake. Mwenyewe aliandika makala kutetea haki ya wasanii Weusi kuchora dhahania bila kudaiwa hadithi ya asili yao.

Mimi bado niko na mti uleule. Juzi umepukutisha majani, nikalazimika kufungua tyubu ya kijivu ambayo sikuwahi kuigusa.