Rupia ya Mjerumani: ipime kwanza, bei baadaye

Wakusanyaji wa sarafu huku Nyanda za Juu Kusini hatuko wengi, lakini tukikutana Iringa meza hujaa. Kila mmoja anatandika alichonunua na kueleza kwa nini anakipenda. Katika mikutano hiyo nimeona jambo linalojirudia: sarafu zinazogombewa kushikwa si zile zilizonunuliwa kwa sifa za dalali. Ni zile ambazo mwenyewe alijua anatafuta nini kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwenzetu wa Kalenga. Yeye hakutaka tu rupia yoyote ya Mjerumani, yaani sarafu ya enzi za utawala wa Wajerumani huku kwetu. Alitafuta mbili: ya mwaka 1891 na ya 1898. Agosti 17, 1891 ndiyo siku Wahehe walipoliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo. Na Julai 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua ili asikamatwe. Rupia hizo mbili zina sura ileile ya Kaiser Wilhelm II, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, na nyuma simba chini ya mtende. Kwa mtu wa mbali ni fedha mbili zinazofanana. Kwa mwana wa Kalenga, kati ya sarafu moja na nyingine imo vita nzima ya babu zake. Mtu anayeanza leo ningemshauri afanye hivyo hivyo: chagua kisa kinachokugusa, halafu tafuta sarafu zake. Utanunua chache, na zote utazijua vizuri.

Sasa namna ya kuijua rupia halisi. Beba mizani ndogo ya kidijitali, ile ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu wa Chunya. Rupia nzima ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi, na asilimia 91.7 yake ni madini ya fedha. Iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikisoma gramu 9 au 13, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Pitisha sumaku, fedha haivutwi. Kisha igeuze uangalie ukingo kwa lenzi. Sarafu halisi imegongwa kwa mashine, kwa hiyo vijistari vya ukingoni ni vikali na vimepangana sawasawa. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mshono unaozunguka ukingo mzima, na vitundu vidogo vidogo usoni kama ngozi ya chungwa. Mwisho soma maandishi: GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Kaiser Wilhelm II kwa Kilatini. Herufi zikiwa zimevimba na kuyeyukiana, achana nayo.

Sarafu ya pili inayopendwa mezani petu ni ya Tabora, heller 20 ya mwaka 1916; heller zilikuwa senti za rupia. Hii ina mvuto wa pekee, kwa sababu haikutoka Berlin wala Hamburg. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walikuwa wamefunga njia za bahari, sarafu zikaadimika, Wajerumani wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, kwa shaba na kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Alama yake ni herufi T. Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa mkono, taji kwenye sarafu moja ni kubwa na kwenye nyingine ni dogo, na hata mikia ya herufi L katika neno Heller inatofautiana. Kuna dada mmoja wa Mbeya amezipanga aina zake zote kwenye ukurasa mmoja, na ukimpa nafasi atakuonyesha mkia mmoja mmoja. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ile ikaisha.

Karakana hiyo hiyo ilitoa pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Hapa nasema wazi: ukiletewa ya tembo stendi, au kwa picha ya simu, usinunue. Zinaigwa mno. Hiyo ni ya kununua kwa mtu anayejulikana, baada ya mtaalamu kuipima.

Kama mfuko ni mwembamba, tafuta senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo wa Uingereza alikaa madarakani chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia mtaani. Huku kwetu ziliingia, kwa sababu senti zenye tundu katikati zilibeba jina na taji bila sura. Si ghali, maana zilitolewa nyingi, na kwenye mikebe ya wazee bado zimo. Wengine hupendelea za 1974 za kuhifadhi wanyama, shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya faru. Nzuri, ila mimi hazinigusi sana.

Lipo jambo linaloniumiza. Bado kuna watu wanauza mashamba ili wanunue "rupia inayovuta mchele", eti kuna tajiri anaisubiri kwa mamilioni. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Ukiona jaribio la namna hiyo, umo katikati ya utapeli, ondoka. Na anayekuita ukachimbe "mali ya Mjerumani" usiku, kumbuka kwamba kuchimba mambo ya kale kunahitaji kibali cha serikali.

Ukishanunua, usiisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, msasa, vyote hivyo vinakula sura na thamani pamoja. Weusi ule wa fedha ya zamani ndio tunaoutafuta. Kwa wa Tukuyu na Njombe, adui wenu ni unyevu: ziwekeni kwenye bahasha ndogo za karatasi kavu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mifuko laini ya plastiki inaweza kuacha utando wa kijani.

Juu ya bahasha andika ilikotoka: kijiji, ukoo, mwaka ulionunua, na alichokuambia mwenye nayo. Na ukinunua kwa bibi kijijini, ukishasalimia kamwene na kukaribishwa, mweleze ukweli kuhusu kitu alichonacho kabla ya kutaja bei. Mimi huweka mizani mezani, namsomea uzito kwa sauti, namweleza ni ya mwaka gani na wakusanyaji huinunua kwa kiasi gani. Akitaka kwanza kuuliza wanawe, namwachia namba ya simu naenda zangu.