Maswali yenu: Gretna, klabu iliyopanda na tajiri ikazama naye

"Gretna iko England au Uskoti?"

Uskoti. Swali hili haliishi, na ramani ipo, itazameni. Kinachowachanganya ni kwamba mji uko mpakani kabisa, na klabu, iliyoanzishwa 1946, ilicheza ligi za England kwa miongo kadhaa. Ilihamia ligi ya Uskoti 2002, nafasi ilipopatikana baada ya klabu ya Airdrieonians kufilisika.

"Walipandaje haraka vile?"

Fedha za Brooks Mileson, tajiri aliyeifadhili klabu. Msimu wa 2004/05 walibeba Daraja la Tatu, ngazi ya nne wakati huo, kwa pointi 98 na mabao 130 katika mechi 36. Kenny Deuchar, mshambuliaji aliyekuwa pia daktari wa hospitali, alifunga 38. Wakapanda misimu mitatu mfululizo. Siku ya mwisho ya msimu wa Daraja la Kwanza, ngazi iliyo chini ya ligi kuu, Aprili 2007, walikuwa ugenini kwa Ross County, 2-2, muda umekwisha, St Johnstone wameshashinda mechi yao na wanasubiri ubingwa. James Grady akafunga. Waliwazidi kwa pointi moja tu. Furaha ile ilikuwa halali yao, wala simnyimi mtu.

"Ni kweli walicheza Ulaya?"

Ndiyo, baada ya kufika fainali ya Kombe la Uskoti 2006 na kufungwa na Hearts kwa penalti 4-2. Derry City, klabu ya ligi ya Ireland, wakawachapa 5-1 mechi ya kwanza tu.

"Tajiri ana fedha zake na anaipenda klabu. Ubaya uko wapi?"

Mileson aliipenda Gretna, hilo halina ubishi. Lakini mji wenyewe una watu wapatao 3,000. Uwanja wao, Raydale Park, haukufikia viwango vya ligi kuu, kwa hiyo mechi za "nyumbani" zikachezwa Fir Park, Motherwell, zaidi ya kilomita 100 kutoka Gretna. Aprili 2008, dhidi ya Inverness, waliingia watazamaji 431. Viingilio vya watu 431 vinalipa mishahara ya nani? Wakati huo Mileson alikuwa mgonjwa na fedha zimekatika. Klabu ilishawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi tangu Machi na kukatwa pointi 10. Ikashuka, ikajiondoa kwenye ligi, ikavunjwa mwaka huohuo. Mileson alifariki Novemba.

Ninyi mnaomwimba mfadhili wa timu yenu, mwulizeni mweka hazina leo: mfadhili akilazwa kesho, mishahara ya mwezi huu inatoka wapi? Asipokuwa na jibu, msisajili mtu.

"Gretna ya sasa ndiyo ileile?"

Hapana, na acheni kuziunganisha rekodi. Hii ni Gretna 2008, iliyoundwa na mashabiki baada ya ile kufa. Ilianza chini kabisa, ikarudi Raydale Park, na 2013 ikaingia Lowland League, ligi iliyo nje ya madaraja manne ya juu. Nafasi ya Gretna ya zamani walipewa majirani zao, Annan Athletic.