Shangazi, amechukua watoto na anataka kuuza nyumba

*Shikamoo Shangazi. Niko Morogoro, nina miaka 11 ya ndoa, tulioana Kiislamu na tuna watoto wawili, wa miaka 9 na miaka 4. Miezi mitano iliyopita mume wangu aliniachia karatasi ya talaka mezani, akawachukua watoto na kuwapeleka kwa mama yake Tanga. Nyumba tuliyojenga ina jina lake, na sasa madalali wanakuja kuiangalia. Anasema sikuchangia hata tofali na kwamba mtoto ni wa baba. Shoga yangu ananiambia nimvizie mdogo shuleni nimchukue, na nikifika mahakamani niseme baba yao anawafanyia watoto mambo machafu, eti ndiyo njia ya haraka. Nifanyeje? Mama wa Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Miezi mitano bila kuwalaza watoto wako ni mingi, na nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Nianze na la shoga yako, maana hilo ndilo lililonitia hofu. Usilifanye. Ukitoa tuhuma hiyo, mwanao atapelekwa hospitali akapimwe, na ataulizwa na watu asiowajua maswali ambayo hajawahi kuyasikia. Kama halikutokea, utakuwa umemtia mtoto jeraha ambalo baba yake hakumtia, na siku uongo ukijulikana hakimu hataamini tena hata yale ya kweli. Kumvizia shuleni nako ni hivyo hivyo. Leo unalalamika kuwa aliwachukua bila kukushirikisha. Ukimnyakua mdogo, malalamiko hayo utakuwa umeyatupa mwenyewe. (Kama kweli kuna jambo uliloliona, hiyo ni habari nyingine: nenda leo Dawati la Jinsia na Watoto polisi.)

Sasa hilo la "mtoto ni wa baba". Kwa sheria zetu Tanzania si kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009 zote zinatanguliza maslahi ya mtoto. Mila zinaangaliwa, matakwa ya wazazi yanasikilizwa, lakini havizidi maslahi hayo. Kwa aliye chini ya miaka 7, Sheria ya Ndoa inaanza kwa kudhani kwamba ni heri akae na mama, na anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuonyesha sababu. Huyo wako wa miaka 9 anaweza kuulizwa anataka kukaa wapi. Usimfundishe cha kusema! Watoto waliokaririshwa hujulikana upesi. Tena sheria inaona ni vizuri ndugu wasitenganishwe, kwa hiyo waombee wote wawili pamoja.

Na huna haja ya kusubiri talaka iishe. Ombi la kukaa na watoto, la kuwaona na la matunzo linaweza kupelekwa peke yake Mahakama ya Watoto. Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, kwa sababu mahakama inaweza kumtaka aandike taarifa ya hali ya nyumbani kwako na huko Tanga. Afisa huyo ataangalia mtoto analala wapi, nani anampikia, anasoma wapi. Andaa hayo kabla hujaandaa maneno ya kumsema baba yao. Na usimseme bibi yao vibaya. Watoto wako wanakula kwake.

Ile karatasi ya mezani inataka utulivu kidogo. Mambo ya dini, eda na mengineyo, muulize shehe wako. Lakini mahakama haigawi nyumba kwa karatasi hiyo. Sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini lililotambuliwa, na baraza likishindwa litoe hati kwamba limeshindwa. Hata kwa ndoa ya Kiislamu, talaka inayozingatiwa na mahakama ni ile inayokuja baada ya hati hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wa shauri la namna hii, lililokwisha pita ngazi za chini, kwa sababu hati halali haikuwapo. Watu walirudi mwanzo baada ya miaka ya nauli. Kwa hiyo hakikisha barua ya wito imemfikia mumeo, hati ina mhuri na sahihi, na unafungua shauri kabla ya miezi 6 kupita tangu itolewe.

Kuhusu nyumba, wahi. Maadamu ndoa haijavunjwa kisheria, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yako, hata kama hati ya nyumba ina jina lake peke yake. Nenda ofisi ya ardhi uweke zuio, na kama kiwanja hakijapimwa, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.

"Hata tofali" lilijibiwa mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, pale Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Wengi huishia hapo. Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, maana mume alikuwa amempa fedha za maendeleo naye akazitumia vibaya. Mahakama hupima nani alifanya nini, na kipimo ni ushahidi. Daftari la kikoba kama unacho, karatasi za mkopo wowote ulionunulia mabati, risiti za saruji, meseji za kumtumia fundi pesa, fundi mwenyewe, jirani aliyekuona ukiwapikia mafundi: vikusanye vyote sasa, kabla simu haijapotea.

Ukikosa pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Ulizia ustawi wa jamii wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa karibu nawe.

Jumatatu toa nakala za cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uende navyo kata, kwenye baraza la usuluhishi. Leo jioni piga simu Tanga, msalimie mkweo, uombe kuongea na wanao. Muulize mkubwa amesoma nini, mwimbie mdogo ule wimbo mnaolalia. Kesho piga tena.